Picha niliyomsafishia mzee haikuwa ya mkewe

Mei 2016, siku mbili baada ya kumbukumbu ya miaka 20 tangu meli ya abiria MV Bukoba izame Ziwa Victoria, mzee mmoja aliingia dukani kwangu Mwanza akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na kuhamisha kanda za zamani. Mtu ananiletea mkanda wa VHS uliokaa miaka kabatini, naupitisha kwenye deki, namrudishia kwenye flashi. Siku hiyo nilikuwa na kanda ya kipaimara iliyoota ukungu, naifuta polepole kwa pamba. Nilimkaribisha akae. Hakukaa.

"Mwanangu, nimeambiwa unakuza picha zilizofifia. Huyu hapa. Msimamishe nimwone."

Ilikuwa video ya chini ya dakika moja. Chombo kiko katikati ya maji yenye mawimbi, kimejaa watu hadi juu, kinainama upande, kinainama tena, kisha kinakwenda chini huku anayepiga picha na wenzake wakipiga kelele. Juu kulikuwa na maandishi ya njano: MV BUKOBA IKIZAMA 21/5/1996. Nyuma ya kelele ilisikika sauti ya mtangazaji kwa mbali, kama redio ya jirani. Picha nzima ilikuwa na chenga na mistari, kama kanda iliyochoka. Mjukuu wake ndiye aliyeipata, akamuwekea kwenye simu.

Mzee alikuwa ametoka Kamachumu, Wilaya ya Muleba, akaja Mwanza kwa ajili ya kumbukumbu makaburini Igoma. Alikuja miaka mingine pia, lakini mwaka huo alikuja na simu. Aliweka kidole kwenye kioo. Kwenye ghorofa ya juu ya kile chombo, karibu na ukingo, kulikuwa na alama ya kijani.

"Aliondoka na gauni la kijani," akasema.

Nilifanya kazi ile kwa saa tatu. Nilisimamisha fremu moja baada ya nyingine mpaka nikapata ile ambayo kijani kinaonekana vizuri, nikaikuza, nikaongeza mwanga, nikapunguza chenga, nikaikuza tena. Anayefanya kazi hii anajua kinachotokea hapo. Ukikuza picha ndogo kupita kiasi, programu haina cha kukuonyesha zaidi ya kilichokuwepo. Inajaza mapengo kwa kukisia kutoka kwenye rangi za jirani. Kidogo kidogo kile kijani kikapata mabega. Juu ya mabega pakawa na kitu cha mviringo, na kwenye mviringo pakaanza kuonekana kivuli ambacho mtu anayetaka kuona macho angeona macho. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akishusha pumzi, akalitaja jina la mkewe.

Nilimsafishia kwa ukubwa wa karatasi ya A4 na kumtilia kwenye fremu ya kioo. Sikumtoza hata senti. Akanishika kichwa, akaniambia maneno ya Kihaya ya baraka, akaondoka na mke aliyetengenezwa na kompyuta yangu.

Naandika haya kwa sababu kila Mei video ile inarudi, na kila inaporudi kuna mtu mahali fulani anaisimamisha kwa kidole na kutafuta gauni.

Lazima niseme pia kwa nini sikuishuku. Shangazi yangu alikuwa kwenye meli ile. Nilikuwa na miaka 13, tukiishi Bukoba, na yeye alikuwa anakwenda Mwanza na ndizi na mizigo mingine midogo ya biashara. Alisafiri daraja la tatu. Meli ilitoka Bukoba Jumatatu jioni, ikapitia Kemondo, ikasafiri usiku, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imesajiliwa kubeba abiria 430. Orodha iliyokuwepo ilikuwa na majina 443, ya daraja la kwanza na la pili peke yake. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800, na wapo wanaokadiria kwamba walikaribia 1,000. Pengo hilo la hesabu ndimo alimo shangazi yangu. Mwili wake hatukuupata, wala jina lake halimo kwenye karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alipanda. Baba alikuwa anasema, "Tiketi alikata, mimi nilikuwepo," kana kwamba kuna mtu anambishia.

Ndiyo maana watu wa daraja la tatu wanatafuta video. Waliokuwa na majina kwenye orodha wana karatasi ya kushika. Sisi wengine tunatafuta macho ya kamera yaliyomwona mtu wetu akiwa mle, hata kwa sekunde moja, hata kwa mgongo.

Mimi nilianza kutafuta kwenye intaneti za mjini, zile za kulipia kwa nusu saa, mwaka 2007 hivi. Naandika "mv bukoba video", ukurasa unafunguka polepole mstari kwa mstari, muda unakwisha. Baadaye nikapata kompyuta yangu, nikafungua kabrasha nikaliita SHANGAZI, na kila kipande nilichokipata nikakitupia humo. Kufikia 2019 vilikuwa 31. Sikuwahi kukaa kuvichambua kimoja kimoja. Nilikuwa nakusanya kama mtu anayeokota kuni, nikiamini kwamba vikiwa vingi vya kutosha, kimoja kitakuwa cha kweli.

Aliyeniamsha ni kijana anayenisaidia kazi. Alikuwa anatafuta mambo yake kwenye simu, akaniita: "Braza, hii si ile video ya yule mzee?" Ilikuwa ileile, ila haikuwa na maandishi ya njano, wala sauti ya redio, wala chenga. Ilikuwa safi kabisa, imepigwa kwa simu, na maelezo yake yalikuwa kwa herufi za Kibengali. Chombo kiliitwa Pinak-6. Kilizama tarehe 4 Agosti 2014 katika mto Padma, Bangladesh, kikiwa kimebeba watu zaidi ya 200, wakati uwezo wake haukufika hata nusu ya hao. Wengi walikuwa wanarudi mjini baada ya Idi. Mtu aliyekuwa kwenye chombo kingine alirekodi kwa simu yake, na picha ile ikaizunguka dunia.

Nilifunga duka. Niliweka video mbili pembeni kwa pembeni, nikazitembeza pamoja, na kila nilichokiona kilikuwa mbele yangu tangu 2016.

Maji yalikuwa ya kahawia, maji ya mto yaliyobeba udongo. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Maji ya ziwa letu nayajua. Chombo chenyewe kilikuwa boti ya abiria ya mtoni, nyembamba, ya ghorofa mbili, wakati MV Bukoba ilikuwa meli ya kubeba abiria na mamia ya tani za mizigo. Halafu zile chenga. Hapo ndipo palipouma, maana chenga ndiyo kazi inayonilisha. Chenga za kanda halisi hazijirudii. Kila sekunde ina zake. Hizi zilikuwa zinajirudia, doa lilelile juu kushoto, mstari uleule katikati, kila baada ya sekunde chache. Kanda ya VHS ukiiingiza kwenye kompyuta, chini kabisa ya picha unaona utepe mwembamba uliochanika na kupinda, kwa sababu ya namna deki inavyosoma mkanda. Kwenye televisheni za zamani ulikuwa unajificha nje ya kioo. Na rangi nyekundu kwenye VHS haitulii, inamwagika pembeni ya kitu. Video ya mzee haikuwa na utepe, na nyekundu zake zilikuwa zimetulia kama za simu. Mtu alikuwa ameichukua video ya misiba ya wenzetu, akaipaka uzee, akaiwekea redio, akaandika tarehe yetu.

Yule mwanamke wa kijani alikuwa mtu wa watu. Alikuwa anatoka Idi.

Tangu siku hiyo nimebadili njia yangu ya kutafuta. Zamani nilikuwa nauliza: video iko wapi? Sasa nauliza kwanza: kamera ilikuwa mikononi mwa nani? Jaribu kuliuliza hilo kuhusu asubuhi ya 21 Mei 1996. Simu zenye kamera hazikuwepo duniani. Kamera za video Mwanza, walionitangulia kwenye kazi hii wananiambia, zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na nyingi zilikuwa za wapiga harusi; betri moja ilikuwa haimalizi saa. Televisheni upande wa Bara ilikuwa na miaka miwili tu, vituo binafsi vya Dar es Salaam. Televisheni ya taifa ilikuwa bado haijaanza. Nchi nzima ilipata habari kwa Redio Tanzania, na Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Basi nani alikuwa ziwani, asubuhi ile, kwenye chombo kingine kilicho karibu, ameshika kamera yenye betri, ameielekeza kwenye meli kabla haijapinduka? Ukiliuliza swali hilo kwa utulivu, video yoyote inayoonyesha MV Bukoba ikizama inaanguka yenyewe, kabla hujafika kwenye maji wala chenga.

Kinachoweza kuwepo ni cha baadaye, baada ya habari kufika mjini na watu wenye kamera kupanda maboti: meli iliyolala kifudifudi, tumbo juu, watu wamesimama juu yake, waokoaji, miili. Na pale pana jambo ambalo ndilo watu wananiuliza zaidi, wengine wakiwa tayari kulipa. Ndani ya lile tumbo kulikuwa na watu walio hai bado, waliobaki kwenye hewa iliyonaswa. Chuma kikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, na meli iliyokuwa inaelea kwa hewa hiyo ikashuka chini, kina cha mita zipatazo 25. Baadaye wapiga mbizi walitoka hadi Afrika Kusini kuja kutoa miili. "Unayo ya pale wanapotoboa?" mtu ananinong'oneza, kama anaulizia kitu cha magendo.

Sina. Na ningekuwa nayo nisingeiuza. Kuna wakati nilikuwa naitafuta mwenyewe usiku, nikijiambia kwamba nataka kujua. Kujua nini? Mambo yaliyotokea pale yamesemwa na waliokuwepo, na tume iliundwa ikachunguza. Nilichokuwa nakitaka ni kumsikia shangazi akigonga chuma. Hakuna mtoto wa ndugu anayepaswa kujifanyia hivyo, na kama sijifanyii mimi, sina haki ya kumfanyia mteja.

Niliporudi kwenye kabrasha la SHANGAZI, nilitumia karibu mwezi mzima, usiku kwa usiku. Namna ya kufanya si ngumu na haihitaji mashine ya gharama. Unasimamisha video pale ambapo pana kitu cha kutambulika, jengo, jina lililoandikwa ubavuni, bendera, kilima, unaichukua hiyo kama picha ya kawaida, kisha unaitafuta kwa picha badala ya maneno. Ukiipata mahali pengine yenye tarehe ya mapema zaidi na lugha nyingine, umekwisha. Nilikuta humo meli ya Sewol ya Korea Kusini, ya Aprili 2014, imegeuzwa kushoto kuwa kulia. Nilikuta vipande vya Zanzibar, vya waokoaji wa MV Spice Islander, ile iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, vikiwa vimeandikwa Bukoba. Nilikuta vya MV Nyerere, kivuko cha kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, meli imelala tumbo juu na watu wamesimama juu yake. Hivyo vilinichukua muda mrefu kuvitenganisha, kwa sababu ni ziwa lilelile, maboti yaleyale, na misiba yetu inafanana mno. Nilikuta picha za MV Victoria, dada yake mkubwa kwenye njia ileile, iliyofanyiwa ukarabati ikarudi majini mwaka 2020. Na nilikuta vile vya njama, vya yule mkubwa wa al-Qaeda, Abu Ubaidah al-Banshiri, aliyekufa maji kwenye meli hiyo. Kwamba alikuwemo ni kweli, na wenzake walitumwa hadi ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Lakini juu ya ukweli huo watu wamejenga mabomu na makombora yasiyokuwepo, na chini yake wameweka picha za milipuko ya nchi nyingine.

Katika 31, hakuna hata kimoja nilichoweza kukitetea kwamba ni MV Bukoba ikizama. Viwili vya meli iliyopinduka nimeviweka pembeni; vinaweza kuwa vyenyewe, lakini sijui nani alivipiga wala vilitoka kanda gani.

Tuliowahi kudanganywa tunashtuka mapema kidogo. Oktoba 2024, boti la MV Merdi lilipopinduka Ziwa Kivu, hatua chache kabla ya kufika bandari ya Kituku, Goma, video yake ilinifikia jioni ileile kwa makundi matatu ya WhatsApp. Video ilikuwa ya kweli, msiba ulikuwa wa kweli, lakini kundi moja lilikuwa limeandika "Ziwa Victoria leo asubuhi". Mama mmoja jirani yangu ana mwanawe anayesafiri visiwani. Alipiga simu mara kumi na haikupokewa, na akaanza kulia pale barazani. Nilimwonyesha vilima vya nyuma, nikamsikilizisha Kiswahili cha Kikongo cha watu waliokuwa wanapiga kelele ufukweni. Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi kuna mama mwingine analia huko," akaendelea kulia.

Na ndege ya Novemba 2022 pale Bukoba, iliyotua ziwani ikiwa na watu 43 na 19 wakapoteza maisha, hiyo ilikuwa kinyume kabisa cha 1996. Kila mvuvi, kila aliyesimama ufukweni alikuwa na simu. Nilipiga kwa watu ninaowafahamu kule nikawaomba jambo moja: usinitumie kwa WhatsApp kama video, maana inabanwa na taarifa zake za saa na mahali zinafutika, itume kama faili, au itunze kwenye memori kadi, na uandike leo hii, kwa mkono wako, umesimama wapi na saa ngapi. Wawili walifanya hivyo. Miaka 20 ijayo kuna mtoto atakayetafuta.

Lakini nirudi kwa mzee. Kati ya kujua na kwenda kumwambia ilipita miezi mitano, na sina cha kujitetea. Kwanza nilisema nitapiga simu. Habari kama ile haisemwi kwa simu. Kisha nikasema, ana faida gani kuujua ukweli huu, mwache na picha yake. Mke wangu ndiye aliyenijibu: "Na siku akiletewa na mtu mwingine, kwa dharau?"

Nilipanda basi la alfajiri, tukavuka Kigongo kwa kivuko kwenda Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba, kisha bodaboda hadi Kamachumu. Njia nzima nilikuwa nimepakata bahasha yenye picha safi ya Pinak-6. Mzee alinipokea kama mwana. Aliagiza kahawa za kutafuna, akaniwekea kwenye kiganja, na juu ya kichwa chake, ukutani, kati ya kalenda ya parokia na picha ya Bikira Maria, alikuwepo yule mwanamke wa kijani. Kioo kilikuwa kimefutwa siku hiyohiyo. Vumbi lilikuwa kwenye kalenda tu.

Nilimweleza. Nilianza vibaya, nikaanza na chenga na utepe, akawa ananitazama tu. Mwishowe nikasema: "Baba, mimi nilikukosea. Picha niliyokupa si ya mama."

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Aliomba aione ile nyingine. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Hawa ni watu wa wapi?"

"Bangladesh. Mbali, upande wa India."

"Walizikwa?"

Nikamwambia kwamba wengi hawakupatikana, na chombo chenyewe kilitafutwa siku kadhaa kikakosekana. Akatikisa kichwa taratibu. Alisimama, akaishusha fremu ukutani, akaifungua vile vijino vya nyuma kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, akaitoa karatasi na kunipa pamoja na kalamu ya mjukuu wake.

"Andika nyuma. Jina la chombo, mto, tarehe. Andika vizuri, waitu, watoto wasije wakasema ni bibi yao."

Nikaandika. Akairudisha kwenye fremu na kuitundika palepale. Jioni, aliposali, alimwombea mkewe kwa jina, kisha akamwombea "na huyu dada wa mtoni".

Miaka mitatu baadaye familia moja ya Bukoba ililetea duka langu kanda ya harusi ya wazazi wao, wanayotaka kuiona tena baada ya mama kufariki. Kona ya chini ilikuwa na tarehe ya 1990, ambayo haikuwa na maana yoyote. Kamera zile betri ndogo ya saa ikifa zinarudi mwanzo, na wapigaji wengi hawakujali kuziweka sawa. Cheti cha ndoa kilisema Jumamosi, 13 Aprili 1996. Hilo lilikubali: Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 7, na baada ya Kwaresima kila mtu anakimbilia kufunga ndoa. Maharusi walikuwa wamekwenda ufukweni kupigwa picha. Mpigaji akageuza kamera kufuata watoto waliokuwa wanakimbia, na kwa sekunde 11, nyuma yao, kule bandarini, kukaonekana meli nyeupe imefungwa, na watu wanapanda.

Wiki tano na ushee kabla ya msiba. Utepe wa chini ulikuwepo. Nyekundu ya gauni la msimamizi ilikuwa inamwagika. Kanda ilikuwa halali kabisa. Ila jina la meli halikusomeka, ubavu wa mbele ulikuwa umefichwa na jengo, na njia ile ilikuwa na meli mbili. Niliitazama mpaka macho yakavimba. Niliitaka iwe yenyewe kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Familia iliniruhusu kunakili kipande kile. Nikaweka kwenye kompyuta mpakato, nikarudi Kamachumu, kwa sababu mzee ujana wake alikuwa anapakia ndizi Kemondo, na zile meli alizijua kwa miguu yake. Macho yalikuwa yamepungua, lakini alikaa karibu na kioo, mjukuu akafunga dirisha kupunguza mwanga. Nilimwonyesha mara ya kwanza. Akasema rudisha. Mara ya pili alinyoosha mkono kama anataka kulisogeza lile jengo. Mara ya tatu aliniomba nisimamishe pale watu wanapopanda, akatazama kwa muda ambao chai ilipoa.

Nilikuwa nasubiri aseme ndiyo. Mjukuu wake pia alikuwa anasubiri, na naamini angesema ndiyo, mimi ningeandika ndiyo.

"Victoria ilikuwa kubwa," akasema. "Lakini kwa mbali namna hii, ukubwa unadanganya. Siwezi kuapa, mwanangu. Andika hivyohivyo."

Lebo ya kanda ile, kwa maandishi yangu, inasema: Meli bandarini Bukoba, Jumamosi 13 Aprili 1996. Haijathibitishwa ni ipi.